La Sylphide ya Paris na La Sylphide ya Copenhagen: tahakiki ya rekodi mbili

Mpenzi wa balei anayetaka kuwa na La Sylphide nyumbani kwake hukabiliwa kwanza na swali ambalo jalada la diski halilijibu: La Sylphide ipi? Jina ni moja na kisa ni kimoja, lakini kazi zenyewe ni mbili, kila moja ikiwa na muziki wake na hatua zake. Ya kwanza ilitungwa na Filippo Taglioni na kuonyeshwa katika Opera ya Paris tarehe 12 Machi 1832. Ya pili ilitungwa na August Bournonville na kuonyeshwa katika Ukumbi wa Kifalme wa Copenhagen tarehe 28 Novemba 1836. Tahakiki hii inahusu rekodi ya Opera ya Paris iliyochukuliwa katika jumba la Palais Garnier mwaka 2004, ambamo Aurélie Dupont na Mathieu Ganio ndio wahusika wakuu, pamoja na rekodi ya Balei ya Kifalme ya Denmark ya mwaka 1988, ambamo wahusika hao wanachezwa na Lis Jeppesen na Nikolaj Hübbe. Naandika juu ya zote mbili kwa pamoja kwa kuwa wauzaji huziweka rafu moja kana kwamba aliyenunua hii hana haja ya ile, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Katika nyumba ya wakulima huko Uskoti, kijana James amelala kwenye kiti karibu na meko asubuhi ya siku ya harusi yake, na kando yake amepiga magoti kiumbe wa hewani mwenye mabawa, silfidi, ambaye anampenda na ambaye hakuna mwingine awezaye kumwona. Msomaji wa pwani aliyekua akisikia habari za jini mahaba hahitaji maelezo marefu kuhusu hali ya kijana huyo. Bikizee Madge, mpiga ramli, anaingia kuota moto, anasoma kiganja cha Effie, mchumba wa James, na kutamka kwamba Effie ataolewa na Gurn, rafiki wa bwana harusi. James anamfukuza kwa ukali. Silfidi anainyakua pete ya harusi na kukimbilia msituni, na James anamfuata akiacha nyuma ukoo mzima uliokwisha kukusanyika. Huko msituni Madge anampa mtandio alioupikia uchawi, akimwambia kwamba ukimfunika silfidi hataweza tena kuruka na kumkimbia. James anamfunga nao, mabawa yanadondoka, na silfidi anakufa.

Libreto, yaani maandishi ya kisa hicho, iliandikwa na Adolphe Nourrit, ambaye hakuwa mtu wa balei bali mwimbaji wa opera mwenye sauti ya juu ya kiume (tenor), naye alichota wazo lake katika hadithi ya Charles Nodier ya mwaka 1822 iitwayo Trilby. Mnamo Novemba 1831 Nourrit alikuwa ameimba nafasi ya Robert katika opera ya mtunzi Meyerbeer, Robert le diable, ambayo ndani yake kuna tukio la masista wa kitawa waliokufa wanaofufuka makaburini usiku na kucheza chini ya mwanga hafifu wa taa za gesi. Aliyewaongoza masista hao alikuwa Marie Taglioni, binti wa Filippo. Miezi minne tu baadaye, katika ukumbi uleule wa Salle Le Peletier, uliokuwa makao ya Opera ya Paris, wazo lile la viumbe weupe wasio wa dunia hii lilipewa balei nzima. Pierre Ciceri alichora mandhari, Eugène Lami akabuni maleba, na Jean-Madeleine Schneitzhoeffer akatunga muziki. Gesi iliwawezesha mafundi kupunguza na kuongeza mwanga wapendavyo, na nyaya ziliwabeba wachezaji hewani juu ya jukwaa.

Mashine hizo zote hata hivyo zisingefaa kitu bila Marie mwenyewe. Baba yake alikuwa amemfunza Vienna kwa ukali unaotisha kuusimulia, vipindi vitatu kwa siku vya takribani saa mbili kila kimoja, hadi akaweza kupanda juu ya ncha za vidole na kushuka bila kuonyesha kwamba anatumia nguvu. Viatu vyake vilikuwa vya hariri laini, vilivyoimarishwa kwa kushonwashonwa nyuzi kwenye ncha na kingo, bila ile sehemu ngumu ya mbele inayomsaidia mchezaji wa leo. Kabla yake, kusimama juu ya vidole kulikuwa ni umahiri wa kuonyeshwa ili watu washangilie. Yeye alikufanya kuwa tabia ya mhusika, kwa maana kiumbe wa hewani hukanyaga ardhi kwa kadiri ndogo iwezekanavyo. Sketi ile nyeupe ya melimeli, iliyojaa na kuishia chini ya goti, ikawa tangu hapo vazi la enzi nzima ya Ulimbwende, yaani sanaa iliyotukuza hisia na ndoto, na balei ya Giselle ya mwaka 1841 isingezaliwa bila hiyo.

Inasikitisha kwamba kazi iliyobadilisha sanaa nzima iliachwa ipotee katika mji wake yenyewe. Taglioni aliondoka Opera ya Paris mwaka 1837 na kwenda Urusi, na mwaka uliofuata Fanny Elssler, mpinzani wake mkubwa, alipojaribu kuicheza nafasi hiyo, hadhira iligawanyika vibaya. La Sylphide ilifufuka kwa muda mwaka 1858 alipojitokeza msichana Emma Livry, ambaye kipaji chake kilimvuta Taglioni kutoka katika mapumziko yake hadi Paris ili amfunze. Taglioni akamtungia balei yake pekee, Le Papillon, mwaka 1860. Miaka miwili baadaye, wakati wa mazoezi ya opera ya La Muette de Portici, sketi ya Livry ilishika moto kutoka kwenye taa ya gesi. Kulikuwako dawa ya kuzuia kitambaa kisishike moto, lakini ilikifanya kiwe kigumu na chenye rangi iliyofifia, naye alikuwa ameikataa. Alifariki mwaka 1863 baada ya miezi ya maumivu. Ni vigumu kwangu kutazama zile sketi nyepesi zikipeperuka bila kukumbuka kwamba gesi iliyoleta mwanga wa mbalamwezi na melimeli iliyoleta wepesi ndizo zilizomuua mchezaji aliyetarajiwa kuirithi kazi hii. Mwaka 1873 ukumbi wa Salle Le Peletier wenyewe uliteketea. Huko Saint Petersburg, mtunzi wa balei Marius Petipa aliirudisha La Sylphide jukwaani mwaka 1892, akiiongezea muziki wa mtunzi Drigo, lakini Paris ilibaki bila La Sylphide ya Taglioni kwa muda mrefu sana.

Hapa ndipo anapoingia Pierre Lacotte, mtunzi wa balei wa Ufaransa, na ni lazima mnunuzi wa diski ya Paris afahamu kazi aliyoifanya. Hatua za Filippo Taglioni hazikuwa zimehifadhiwa. Hakukuwa na mwalimu hata mmoja aliyezipokea kutoka kwa mwalimu wake na kuzifikisha karne ya ishirini. Lacotte alikusanya nota za muziki, michoro, maelezo ya wahakiki wa wakati ule na kumbukumbu za familia ya Taglioni, kisha akajaza mapengo kwa hatua alizozitunga mwenyewe kwa mtindo wa zamani. Matunda yake yalionyeshwa kwanza kwenye televisheni ya Ufaransa siku ya mwaka mpya wa 1972, wakicheza mkewe, Ghislaine Thesmar, na Michaël Denard. Yalipendwa mno, na mwezi Juni mwaka huohuo yakahamia jukwaa la Palais Garnier, ambako balei hii imekuwa ikirejea tangu wakati huo. Kwa hiyo diski ya mwaka 2004 haituletei balei ya 1832. Inatuletea ndoto ya msomi wa 1972 kuhusu balei ya 1832, na jalada lingewatendea haki wanunuzi kama lingelisema hilo waziwazi.

Nimelisema hilo bila nia ya kuidunisha. Ndoto ya Lacotte ni nzuri, na rekodi hii inaihifadhi kwa heshima. Marie-Claire Musson alitengeneza mandhari kwa kufuata Ciceri, na Michel Fresnay maleba kwa kufuata Lami, na matokeo yake ni jukwaa lenye utajiri ambao majumba madogo hayawezi kuumudu: nyumba ya Uskoti iliyojaa watu waliovaa vitambaa vya miraba, na msitu ambamo masilfidi wanapepea hewani kwa nyaya huku kundi kubwa la wenzao likijipanga chini. Anayetaka kuelewa kwa nini watu wa mwaka 1832 walipigwa na butwaa, ukubwa huo unamfafanulia vizuri kuliko kitabu.

Sehemu ninayoirudia zaidi katika diski hii imo katika tendo la kwanza, nayo ni dansi ya watu watatu ambayo Lacotte aliichukua kutoka balei nyingine ya Taglioni, L'Ombre, yenye muziki wa Maurer. James anacheza na Effie, na katikati yao anapenya silfidi, asiyeonekana na yeyote ila James. Effie anaunyoosha mkono wake kwa mchumba ambaye uso umekwisha kugeukia upande mwingine. Hapana maigizo ya mikono wala maelezo ya ziada. Msiba wote wa tendo la pili umekwisha kuonekana katika mpangilio wa miili mitatu. Mélanie Hurel, anayecheza Effie, anaipa nafasi hiyo hadhi inayostahili. Anamwonyesha msichana mwerevu anayehisi kwamba kuna jambo haliko sawa bila kujua ni lipi, na kwa hilo anaiokoa dansi nzima isiwe pambo tupu.

Dupont ni mchezaji wa usahihi wa hali ya juu. Miguu yake inasema kila silabi, mikono yake ina ule uduara wa chini unaoonekana katika picha za kuchorwa za Taglioni, na anapotua kutoka kwenye mruko haonyeshi juhudi yoyote. Nikitafuta dosari, ni kwamba silfidi wake ni malkia zaidi kuliko kiumbe wa porini. Anavutia kwa uzuri, lakini hatishi, na ni vigumu kuamini kwamba angeiba pete ya mtu kwa utundu. Ganio alikuwa na umri wa miaka 20, na majuma machache tu kabla ya hapo alikuwa amepandishwa cheo na kuwa mchezaji nyota wa Opera baada ya kucheza katika balei ya Don Quixote, akivuka ngazi nzima iliyokuwa katikati. Ujana huo unamfaa James. Ana umbo refu, miguu inayochora mistari safi, na mshangao usio wa kuigiza kila silfidi anapotoweka. Kinachopungua ni hasira. Anapomfukuza Madge anafanya hivyo kama mtu anayetimiza jambo lililoandikwa kwenye libreto, na kwa kuwa laana yote ya kisa hiki inazaliwa katika dakika hiyo, udhaifu wake unausumbua mwisho.

Okestra, chini ya Ermanno Florio, inaupa muziki wa Schneitzhoeffer heshima ambayo wahakiki wengi huunyima. Mtunzi huyo alifanya kama walivyofanya watunzi wengi wa balei wa zama zake, akaazima nyimbo ambazo hadhira ilizijua ili zizungumze badala ya wachezaji walio kimya. Silfidi anapokufa tunasikia wimbo wa Orfeo kutoka opera ya mtunzi Gluck, ule wa mume anayemlilia mke aliyempoteza kwa kosa lake mwenyewe. Mtu wa Paris wa mwaka 1832 aliyajua maneno yake kwa moyo. Inafaa mtazamaji wa leo ausikilize wimbo huo peke yake kwanza, kisha arudi kwenye diski.

Bournonville aliijua La Sylphide ya Paris kwa karibu. Alikuwa amesoma Paris kwa Auguste Vestris, amecheza katika Opera na kuwahi kuwa mwenzake Marie Taglioni jukwaani, kisha akarudi Copenhagen mwaka 1830. Mwaka 1834 aliitazama La Sylphide huko Paris na kutamani kuipeleka kwao, lakini bei iliyotakiwa kwa ajili ya nota za Schneitzhoeffer ilikuwa kubwa mno kwa ukumbi wake. Akanunua libreto, akamwagiza kijana wa miaka 21, Herman Severin Løvenskiold, atunge muziki mpya, akamkabidhi Lucile Grahn, mwenye miaka 17, nafasi ya silfidi, naye mwenyewe akacheza James. Uhaba wa fedha ndio uliotupa balei ya pili, na nathubutu kusema kwamba historia imeutendea haki uhaba huo, maana kazi ya Copenhagen ndiyo ambayo haikukatika. Ilipita kutoka mwili hadi mwili, mwalimu akimwonyesha mwanafunzi. Hans Beck, aliyeanza kucheza siku chache kabla ya Bournonville kufariki mwaka 1879, ndiye aliyeiongoza balei ya Denmark mwanzoni mwa karne ya ishirini na kuhakikisha kwamba mazoezi ya mtunzi hayasahauliki. Mengi yamebadilika njiani, kwa kuwa hakuna kinachopokezwa kwa miaka mia na zaidi kikabaki vilevile, lakini uti wa mgongo ni wa Bournonville.

Mara tu rekodi ya mwaka 1988 inapoanza, tofauti inaonekana. Jukwaa ni dogo, mandhari ni ya nyumba ambayo watu wanaweza kweli kuishi ndani yake, na mwendo wa kisa ni wa haraka bila kukimbizana. Bournonville hakutaka mwanamume awe nguzo ya kumwinulia mwanamke. James wake ana miruko mikubwa, miguu inayopigana hewani kwa kasi, na mikono iliyotulia chini kana kwamba kazi yote hiyo si kitu. Hübbe, aliyekuwa na umri sawa na ule wa Ganio katika rekodi ya Paris, anaicheza nafasi hii kwa moto. Anapomwona Madge mekoni, chuki inamjaa ghafla na kupita kiasi, na mtazamaji anahisi kwamba kijana huyu anaogopa kitu kilichomo ndani yake mwenyewe. Katika tendo la pili anaruka kama mtu aliyeachiwa huru, na furaha yake inaumiza kwa kuwa tunajua inaelekea wapi.

Kuna kanuni moja ya toleo hili ambayo rekodi inaidhihirisha vizuri kuliko maandishi: James hamshiki silfidi. Anamletea maji na matunda ya msituni, anamwonyesha kiota cha ndege, anacheza ubavuni mwake, lakini kila mkono wa James unapomkaribia yeye amekwisha kupepea mbali. Mtazamaji aliyezoea balei za baadaye, zenye kunyanyuana na kukumbatiana, anaweza mwanzoni kuona kwamba kuna upungufu. Asubiri mtandio. Siku James anapofanikiwa kumshika ndiyo siku anayomuua. Jeppesen anakifanya kifo hicho hatua kwa hatua: anashtuka, mabawa yanadondoka, macho yanapoteza nuru na mikono inapapasa mbele yake, kisha anamrudishia James ile pete ili aende kuoa. Hakuna dakika nyingine katika rekodi zote mbili inayonigusa kiasi hicho. Jeppesen ni mdogo wa umbo, mchangamfu, mwenye utundu wa mtoto asiyejua kwamba mchezo wake una madhara, na huyo ndiye silfidi ambaye Dupont, pamoja na ubora wake wote wa miguu, hakumfikia.

Madge wa Sorella Englund ndiye sababu ya tatu, na pengine kubwa kuliko zote, ya kuipendelea diski hii. Huko Paris mchawi anachezwa na mwanamume na hubaki kuwa kitisho cha hadithini. Englund anatuletea mwanamke aliyewahi kuwa na uzuri na hadhi, na anayekumbuka vyote viwili. Akifukuzwa na James, aibu inaonekana kwanza, na chuki inafuata. Nchini Denmark nafasi hii hupewa wachezaji wakubwa waliokomaa, na Jeppesen mwenyewe alikuja kuicheza miaka mingi baadaye. Mila hiyo inaleta maana mpya, kwamba silfidi wa jana ndiye mchawi wa leo, maana ambayo hakuna libreto iliyoiandika.

Kasoro za rekodi ya Denmark zipo na ni za kiufundi zaidi. Picha ni ya televisheni ya miaka ya 1980, rangi si kali, na sauti ya okestra ni nyembamba ukiilinganisha na ya Paris. Muziki wa Løvenskiold nao ni wa kijana mwenye kipaji ambaye hakupewa muda. Unasukuma kisa vizuri lakini hauna ule uzito wa kumbukumbu ambao Schneitzhoeffer aliupata kwa kuazima. Mtu mwenye skrini kubwa sebuleni ataiona Paris ikiwa na fahari zaidi, na sitambishia.

Toleo la Bournonville ndilo lililosafiri: Elsa-Marianne von Rosen aliliandaa London kwa ajili ya Ballet Rambert mwaka 1960, Erik Bruhn huko Toronto mwaka 1964, Johan Kobborg katika Royal Ballet ya London mwaka 2005 na baadaye katika Bolshoi ya Moscow. Hübbe, yule kijana wa rekodi ya 1988, alikuja kuwa mkurugenzi wa Balei ya Kifalme ya Denmark mwaka 2008, na mwaka 2014 aliitoa upya La Sylphide katika mandhari meusi na ya kijivu, bila vitambaa vya miraba vya Uskoti, huku Madge akiwa mwanamume anayemtamani James. Baadhi ya watu waliona kwamba ameharibu urithi. Mimi naona kwamba alikisema kwa sauti kile alichokuwa amekicheza bila maneno akiwa kijana, yaani hofu ya James mbele ya meko, ingawa nafikiri hofu hiyo ilikuwa na nguvu zaidi ilipoachwa bila jina.

Kwa mnunuzi, ushauri wangu ni kuanza na ya Denmark, aitazame nzima bila kukatiza, kisha baada ya siku chache aitazame ya Paris akianzia na ile dansi ya watu watatu. Aliye na fedha za diski moja tu achukue ya Denmark. Na kabla ya kulipa asome jalada kwa makini, kwa kuwa ipo balei nyingine iitwayo Les Sylphides, iliyotungwa na Mikhail Fokine juu ya muziki wa Chopin na kuonyeshwa Paris mwaka 1909, isiyo na James, isiyo na Madge wala kisa chochote, na wauzaji wa mtandaoni huzichanganya mara kwa mara.